Sitara ya Nani?

Katika ndoa za mwambao huja wakati ambapo gumzo lote hukatika. Wanaume wameketi jamvini, ubani unafuka, bwana harusi yu tayari kupokea mkono wa atakayemwozesha, na shekhe anataka kumjua walii wa bibi harusi. Aghalabu jawabu huwa jepesi: baba yupo, na kama hayupo, yupo babu mzaa baba, au kaka, au ami. Lakini zipo ndoa ambazo jawabu hutolewa kwa sauti ya chini, na anayeozesha huwa ni kadhi mwenyewe au naibu wake, kwa ule uwalii wa hakimu anaostahiki mwanamke asiye na walii wa nasaba. Wenye kufahamu hufahamu papo hapo. Siri iliyotunzwa miaka ishirini na zaidi, ikafunikwa kwa jina la babu mzaa mama au la mjomba, hufunuliwa na swali la sheria ambalo halikukusudia ubaya wowote. Wala si ajabu kwamba mwanamume ambaye uso wake ndio uso wa bibi harusi yumo jamvini humo humo. Amekuja kama jirani. Anakula halua, anakunywa kahawa, na hakuna amtazamaye.

Neno ambalo Waswahili hulitumia kwa ukimya wa namna hiyo ni sitara. Ni neno zuri, na halistahili kudharauliwa. Nguo ni sitara, nyumba ni sitara, ndoa ni sitara, na Mwenyezi Mungu mwenyewe huombwa kwa sifa ya kusitiri. Jamii isiyojua kusitiri ni jamii ya masengenyo. Na mji wa mawe wenye vichochoro vyembamba, ambamo kikohozi cha jirani husikika ukutani, haungekalika lau watu wasingejifunza kutosema kila walijualo. Ila kila shuka ina urefu wake. Ikivutwa kufunika kichwa, miguu hubaki wazi. Katika suala la mtoto aliyezaliwa na wazazi wasiooana yafaa iulizwe, bila ya haya na bila ya jeuri, shuka hiyo imemfunika nani na imemwacha nani nje.

Kitanda hakizai haramu, husema wahenga. Methali hiyo ni muhtasari wa kanuni kubwa ya fikihi: mtoto huhesabiwa kuwa wa ndoa ambamo amezaliwa, na mume wa mama ndiye baba, pasipo kuulizwa zaidi. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani hii kutoka Lamu hadi Kilwa na Ngazija, waliunyoosha mkono wa kanuni hiyo kadiri ulivyoweza kunyooka. Mtoto aliyezaliwa miezi sita tu baada ya ndoa ni wa mume. Kwa upande wa pili, walikubali kwamba mimba yaweza kukaa tumboni hata miaka minne, kiasi kwamba mjane au mtalaka aliyejifungua baada ya muda mrefu hakulazimika kuitwa mzinifu, wala mwanawe kukosa jina. Daktari wa leo atacheka, lakini atakuwa amecheka mapema, kwani mafakihi hao hawakuwa wakifundisha uganga. Walikuwa wakimtafutia mtoto baba. Na mume aliyetaka kumkana mtoto wa kitandani mwake hakuachiwa kusema tu kwamba si wake. Alitakiwa kuapa mara nne, na mara ya tano kujiombea laana ikiwa amesema uongo. Hiyo ndiyo sitara katika ubora wake: imefumwa kwa ajili ya mtoto, na gharama yake amebebeshwa mtu mzima.

Nje ya kitanda hali hugeuka. Huko mtoto hana nasaba kwa baba. Anarithi kwa mama na jamaa za mama, na kwa baba hana chake. Na lugha nayo ikaongeza yake. Haramu ni sifa ya tendo, au ya mali iliyoibwa, au ya nyama isiyoliwa. Katika Kiswahili imehamishwa ikabandikwa kwa mtu, tena kwa yule mmoja ambaye katika kisa kizima hakutenda lolote. Mwenye kutukana barabarani hamwiti mwenziwe “mwanamume haramu”. Humwita mwanaharamu.

Mtu aweza kudhani kwamba mpaka huo wa kitanda ni wa kale na haujapata kutikisika pwani hapa. Historia ya Unguja inasema vingine. Sayyid Said bin Sultan alipofariki baharini mwaka 1856, akirejea kutoka Maskati, aliacha watoto 36 walio hai, nao wote walikuwa wa masuria. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, waliotawala Unguja mmoja baada ya mwengine hadi 1893, hakuna hata mmoja wao ambaye mama yake aliolewa na baba yake kwa nikaha. Mama zao walikuwa wanawake walionunuliwa, mmoja kutoka Ucherkesi, mwengine kutoka Uhabeshi. Watoto wao hawakuitwa haramu. Waliitwa Sayyid, wakapigiwa mizinga. Sheria ya zama hizo ilimruhusu bwana kulala na mjakazi wake, na mtoto aliyepatikana akawa huru na mrithi kamili, madhali bwana amekiri.

Madhali amekiri: hapo ndipo penye uzito wote. Mtoto wa mjakazi ambaye bwana hakukiri alibaki mtumwa kama mama yake. Kati ya kiti cha enzi na jembe la shamba la karafuu palikuwa na neno moja tu, na neno hilo lilikuwa katika kinywa cha mwanamume. Mama hakuulizwa, na angeulizwa kauli yake isingekuwa na uzito. Hata utumwa ulipoanza kufutwa, amri ya 1897 ya kufuta hali ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje. Wao walisubiri hadi 1909. Kwa hiyo anayeitazama historia hii asijidanganye kwamba ilikuwa ya huruma. Ilikuwa na huruma kwa watoto waliokiriwa, na huruma hiyo ilisimama juu ya miili ya wanawake wasiokuwa na hiari.

Kisa cha Sayyida Salme hulidhihirisha jambo hili kuliko fatwa yoyote. Alikuwa binti wa Sayyid Said kwa suria wa Kicherkesi, Jilfidan. Mama yake alimzaa bila ya nikaha, naye akakulia katika majumba ya Mtoni akiwa binti wa mfalme. Mwaka 1866 alishika mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, na mimba hiyo ikamfanya mtu wa kuuawa. Alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, akajifungua huko mtoto wa kiume mwezi wa Disemba, na mwezi wa Mei mwaka uliofuata akabatizwa, akaitwa Emily, akaolewa. Mtoto yule alifariki mwaka huo huo wa 1867, akingali mchanga. Mama na binti, wote wawili walizaa nje ya nikaha, mmoja ndani ya jumba na mwengine ugenini. Hapana shaka dini ya yule Mjerumani iliongeza hasira, na heshima ya ukoo ikaongeza yake. Lakini tofauti ya msingi ilikuwa ni nani mwenye kauli. Sayyid Said aliposema huyu ni wangu, maneno yalikwisha. Salme angesema mara elfu, asingesikika.

Waingereza walipotawala walikuja na mizani yao, na mizani hiyo ilikuwa ya fedha. Sheria ya Tanganyika ya 1949 juu ya watoto wa nje ya ndoa ilimruhusu mama kumshitaki mwanamume, na mahakama ikimtambua kuwa baba ingeweza kumtoza matunzo yasiyozidi shilingi 100 kwa mwezi. Kikomo hicho kilidumu hadi sheria hiyo ilipofutwa mwaka 2009, wakati ambapo shilingi 100 haikununua hata yai. Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963, baada ya uhuru, ziliweka kiasi kile kile kwa shughuli nyengine: mwanamume aliyetaka kumfanya mtoto kuwa wake kihalali aliweza kufanya hivyo kabla mtoto hajaachishwa ziwa, kwa kumlipa baba wa msichana shilingi 100. Kulisha kwa mia, na kutwaa kwa mia. Tena aliyelipwa katika hili la pili hakuwa mama wala mtoto.

Kenya ilikwenda mbele kisha ikarudi nyuma. Sheria ya 1959 iliwapa mama wasioolewa njia ya kudai matunzo. Mwaka 1969 ilifutwa na Bunge ambalo halikuwa na mwanamke hata mmoja. Hoja iliyotawala ilikuwa kwamba wanawake walikuwa wakiitumia vibaya, na wabunge walizungumza kana kwamba shilingi za matunzo zilikuwa mtego wa kuwanasa wanaume. Ilipita zaidi ya miaka thelathini kabla ya nchi kupata Sheria ya Watoto ya 2001.

Zanzibar yenyewe haikuwa na cha kujivunia. Chini ya sheria ya 1985 iliyopewa jina la kuwalinda wari, mwari aliyepata mimba bila ya kuolewa aliweza kufungwa hadi miaka miwili. Walii wa sheria hiyo walidhani wanalinda heshima ya visiwa. Lakini tumbo ni shahidi asiyeweza kunyamaza, na mwili wa mwanamume hautoi ushahidi wowote. Basi sheria iliyosubiri ushahidi wa macho ilimkamata mmoja na kumwacha mwengine aende kuoga bahari. Mwaka 2005 sheria nyengine ilishika mahali pake, ikaondoa kifungo kwa mama na kuweka kazi za kijamii, na katika jina lake lenyewe ikamtaja mtoto wa mzazi mmoja. Miaka sita baadaye ikaja Sheria ya Mtoto ya 2011. Wenye kusema kwamba kumpa haki mtoto wa nje ni kuufungulia mlango uzinzi wanapaswa kuitazama miaka ile ishirini. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli la jela, na mimba hazikukoma. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema wahenga. Hapa mchumaji hakula kabisa, walikula wa kwao peke yao.

Mambo yaliyobadilika tangu wakati huo ni makubwa, na wasomaji wa mashairi, ambao aghalabu hawasomi sheria, wayajue. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, imesema kwamba baba na mama wana wajibu ulio sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Nairobi ilibatilisha kifungu cha sheria ya vizazi kilichozuia jina la baba asiyeoa lisiandikwe mpaka yeye na mama waombe kwa pamoja. Kabla ya hapo, mama aliyekwenda peke yake aliandikiwa alama za X mahali pa baba, safu nzima, na mtoto akabeba alama hizo skulini, katika ofisi ya vitambulisho, na kila alikokwenda kuombwa karatasi. Karani hakuwa na ubaya. Alikuwa akifuata sheria. Bali sheria hiyo ilikuwa ndiyo ile kauli ya Sayyid Said, imevalishwa tai na kuwekwa mezani: baba ni yule anayetaka kuwa baba. Ipo hofu kwamba mwanamke aweza kuandika jina la yeyote amtakaye, na hofu hiyo haina haja ya kupuuzwa. Lakini jina lililoandikwa laweza kupingwa, na leo kipimo cha kulipinga kipo.

Kipimo hicho Kiswahili kimekiita vinasaba. Walioliunda neno hili walilitoa katika nasaba, wakalitia kiambishi cha udogo na wingi, kana kwamba ndani ya kila tone la damu mmejaa nasaba ndogondogo. Ni uundaji mzuri wa neno, nao umezusha mgogoro ambao waundaji hawakuukusudia. Kwani mbele ya kadhi vinasaba havifanyi nasaba. Maabara yaweza kusema mbegu ilitoka kwa nani. Haiwezi kusema kama palikuwa na ndoa. Mwenye kushika karatasi ya Mkemia Mkuu wa Serikali mkono mmoja na kitabu cha fikihi mkono wa pili anashika maneno mawili ya mzizi mmoja yasiyokubaliana.

Hata hivyo si kweli kwamba fikihi iliuogopa ushahidi wa mwili. Imepokewa kwamba Zayd bin Haritha na mwanawe Usama walikuwa wamelala pamoja, wamejifunika nguo vichwani, na miguu yao imetokeza. Zayd alikuwa mweupe na Usama mweusi, na watu walikuwa wakinong’ona. Akapita Mujazziz, mtu wa Banu Mudlij, kabila lililojulikana kwa ujuzi wa kutambua nyayo na mifanano, akaitazama ile miguu, akasema kwamba inatokana. Mtume akafurahi. Kwa kisa hicho Mashafii wakaukubali ushahidi wa wajuzi wa namna hiyo pale watu wanapogombania nasaba ya mtoto, ilhali Mahanafi waliukataa. Basi madhehebu ya pwani hii yana mlango ambao wengine hawana. Wapo pia wanazuoni wa kale, miongoni mwao Ishaq bin Rahwayh, na baadaye Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, walioona kwamba mama asipokuwa na mume, na mwanamume akamkubali mtoto, mtoto ahusishwe naye. Rai hiyo haikuwa ya wengi, na hapana haja ya kuikuza. Inatosha kujua kwamba imo vitabuni.

Lakini mtoto anayelala na njaa leo usiku hawezi kungoja mafakihi wakubaliane. Na hapo ndipo suala lote linapokosewa: nasaba na matunzo yamefungwa kamba moja, kiasi kwamba mwanamume akishaambiwa kwamba mtoto si wa nasaba yake hujiona amesamehewa na unga, na karo ya skuli, na dawa ya malaria. Kukosa nasaba kuliwekwa kuwa hukumu juu ya tendo lake; kumegeuka kuwa zawadi kwake. Aliyetenda dhambi anapata wepesi ambao mume mwema hana. Hakuna mantiki ya kidini wala ya kibinadamu inayoweza kulisimamisha jambo hilo.

Indonesia, nchi ya Kishafii kama ilivyo pwani hii, ililikabili tatizo hili mwaka 2012, na namna ilivyolikabili yastahili kujulikana Unguja na Mombasa. Mwezi wa Februari Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mtoto wa nje ya ndoa ana uhusiano wa kisheria na baba anayethibitika kwa elimu ya sayansi. Baraza la Maulamaa la nchi hiyo halikuridhika, na mwezi uliofuata likatoa fatwa yake. Ilitarajiwa kwamba ingekuwa fatwa ya kukataa tu. Ilikataa nasaba, ni kweli. Mtoto, ilisema, hana nasaba kwa mwanamume huyo. Kisha ikaendelea: dola yaweza kumwadhibu mwanamume kwa kumlazimisha akidhi mahitaji ya mtoto, na baada ya kufa kwake itolewe sehemu ya mali kwa njia ya wasia wa lazima. Maulamaa hao hawakuivunja kanuni ya kitanda. Waliikata ile kamba. Jina wakaliacha lilipo, na sahani wakaisogeza kwa mtoto.

Huku kwetu kamba hiyo imevutwa mpaka kaburini. Mwanamume mmoja Muislamu wa Pwani ya Kenya alifariki mwaka 2015 akaacha mjane na watoto wa ndoa, na watoto wengine ambao nikaha ya mama zao ilikanushwa. Kesi ya mirathi ilipanda ngazi moja baada ya nyengine hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwezi wa Juni 2025 ilikubaliana na Mahakama ya Rufani kwamba kuwanyima urithi watoto hao kwa sababu tu ya hali ya kuzaliwa kwao ni ubaguzi usiokubalika na Katiba. Masheikh wengi waliupinga uamuzi huo, wakisema kwamba hukumu za mirathi ni za Qurani na kwamba Katiba yenyewe iliwaahidi Waislamu mahakama zao. Hoja yao si nyepesi. Mahakama ya kidunia inapoingiza mkono katika mafungu ya urithi, Muislamu ana haki ya kuuliza mkono huo utakoma wapi.

Ila katika kelele zote za mwaka ule swali moja halikusikika: marehemu, na wanaume wa mfano wake walio hai, walizuiwa na nini kutoa walipokuwa na pumzi? Sheria ya Kiislamu inamruhusu mtu kutoa hiba ya mali yake akiwa mzima. Inamruhusu kuusia hadi theluthi moja kwa asiyekuwa mrithi. Na mtoto wa nje, kwa kuwa kwa baba hahesabiwi mrithi, ndiye hasa anayeweza kuusiwa. Mlango uliofungwa upande mmoja umefunguliwa upande wa pili. Theluthi ya nyumba moja ya Mombasa si kitu kidogo. Kinachowazuia wengi si fikihi bali ni kalamu. Kuandika wasia ni kumtaja mtoto, na kumtaja ni kukiri mbele ya mashahidi wawili kile ambacho mtaa mzima unakijua. Basi mwanamume huahirisha, ujana ukapita, utu uzima ukapita, maradhi yakaja, akafa amesitirika. Mtoto akaachiwa ama kunyamaza, ama kwenda mahakamani kumfunua maiti. Akinyamaza ataambiwa ana adabu. Akienda ataambiwa ameleta fedheha.

Upo upande wa wanaume pia, nao usipitwe. Si kila asiyeoa alikimbia. Wapo waliotaka kuoa wakakataliwa kwa ukabila, kwa umaskini, au kwa kuwa ukoo wa msichana uliona aibu ndogo ni bora kuliko mkwe huyo. Mtoto akapelekwa kwa bibi yake Pemba au Tanga, na baba akaambiwa asikanyage. Sheria ya Kenya ya 2001 iliwawekea hao njia: mama ndiye mwenye madaraka ya mzazi kwanza, na baba ayapate kwa makubaliano, au kwa amri ya mahakama, au kwa kuwa amekaa na mama baada ya mtoto kuzaliwa kwa muda usiopungua miezi kumi na miwili, au kwa kumkiri mtoto au kumtunza. Sheria ya 2022 imeyafanya madaraka ya baba na mama kuwa sawa, wawe wameoana au la. Usawa huo una uzuri wake, lakini sheria ya kwanza ilikuwa na hekima ambayo haikustahili kuachwa kabisa: ilimtambua baba kwa alichokifanya. Wajibu usisubiri kitu. Uanze siku mtoto anapozaliwa, na hata kabla. Haki ya kusema mtoto asome wapi, akae na nani, aolewe na nani, hiyo yafaa itanguliwe na mfuko wa mchele. Kila mtaa unamjua yule aliyekana mimba, akatoweka, kisha akatokea siku matokeo ya mtihani yaliposomwa, kifua mbele, akitaka mtoto aitwe kwa jina lake.

Mtoto mwenyewe, katika hesabu hizi zote, ndiye wa mwisho kuulizwa. Jina analoitwa hakulichagua, na pengine halitaki jina jengine; wako waliolelewa na mjomba kwa mapenzi ambayo baba wengi wa ndoa hawana. Qurani ilipoamrisha watu waitwe kwa baba zao haikuwasahau wasiojulikana baba zao: iliwapa udugu katika dini. Ni nafasi yenye heshima, na inasikitisha kwamba misikiti imeikumbuka sehemu ya kwanza ya aya hiyo kuliko ya pili. Lakini udugu hautibu njaa ya kujua. Mtoto akifika umri fulani huanza kuitazama mikono yake na kujiuliza ni ya nani.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya 2009 imemruhusu yeye mwenyewe kuomba mahakama imtambue mzazi wake. Yaweza kuombwa pia na mama, na mlezi, na ofisa wa ustawi wa jamii. Mahakama hutazama jina lililoandikwa katika daftari la vizazi, sherehe ya mila ikiwa baba aliifanya, kukiri hadharani, na vinasaba. Hutazama jambo jengine pia, ambalo ni geni katika historia yote iliyosimuliwa hapa: kukataa kupimwa nako ni ushahidi. Ukimya wa mwanamume, uliokuwa ngome yake tangu enzi za masuria, unahesabiwa kwa mara ya kwanza dhidi yake. Ama kipimo chenyewe, mama hawezi kuingia tu maabara na mtoto mgongoni akaomba apimiwe. Ombi hupitia mahakama, au wakili, au ustawi wa jamii, au polisi. Kwa maneno mengine, hupitia kwa mtu ambaye lazima aambiwe.

Na sheria hiyo imeweka muda. Baba akifariki, maombi yaweza kuletwa ndani ya miaka mitatu. Arubaini husomwa, eda huisha, nyumba hupigwa bei na jamaa wakagawana, na mtoto wa miaka kumi na mitano anamtazama mama yake akipepeta mchele ukumbini, akisubiri kuona kama atalitaja lile jina.